Mama Fomula na Safu ya Nyonga

Hebu niambie, mtu akiomba ruhusa ya kwenda kumuuguza mama yake mzazi, ameomba nini cha ajabu? Mama Fomula aliomba siku chache tu, na ilibidi abembeleze kana kwamba anaomba figo ya bosi.

"Na faili la kompyuta atalishika nani?" Madam aliuliza. Madam ndiye mwenye karakana, mwanamke asiyejua kukaa chini, anayeongea huku anatembea. "Sare za walinzi zinatoka wiki hii hii. Faili likituchezea?"

"Halichezi lenyewe, Madam. Linachezewa."

"Haya, nenda. Lakini simu iwe wazi."

Simu iwe wazi! Maneno hayo Mama Fomula aliyajua na madhara yake aliyajua. Likizo moja aliikatisha katikati, akarudi mbio roho mkononi, kumbe kadi za vipimo hazitoki kwa sababu printa haina karatasi. Karatasi, jamani! Na kwenye mazishi ya shangazi yake watu walimkuta amejibanza nyuma ya nyumba, kidole sikioni, akinong'ona, "Bonyeza Enter. Enter! Ile kubwa yenye mshale," ndugu wakadhani huzuni imempanda kichwani.

Safari hii aliapa. Mama yake alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwa muda mrefu alikuwa haoni ila vivuli. Miezi michache nyuma alipangiwa upasuaji, Mama Fomula akasafiri kwenda kumpeleka, na kabla hata hajateremsha begi simu ikalia: faili limegoma, rudi. Akarudi. Mtu wa kumpeleka mama hospitali hakupatikana, zamu ikapita, na bibi wa watu akaendelea kupapasa kuta mpaka alipopangiwa upya.

"Siku ya kufunguliwa bandeji uwepo," mama alimwambia kwenye simu. "Nataka nikifumbua jicho nikuone wewe kwanza. Nimechoka kukujua kwa sauti, na sauti yenyewe kutwa inagombana na watu."

"Nitakuwepo, mama."

"Hata ile mara nyingine ulisema hivyo."

Hakusema kwa ubaya. Lakini neno hilo lilimchoma Mama Fomula, na alilala nalo.

Jina la Mama Fomula alibandikwa na Mkasi, mkata vitambaa, mwanamume mwenye kelele kuliko mashine zote za humo ndani. Karakana ni ya kushona sare tupu: za wahudumu, za madereva, za walinzi. Ni jengo refu la mabati, mashine zimepangwa huku na huku, meza ya kukatia katikati, na pembeni kuna kichumba cha vioo chenye kompyuta, printa na feni inayopiga kelele bila kuleta upepo. Mama Fomula aliajiriwa hapo zamani kuandika kadi za vipimo kwa mkono, na kila wiki lilikuwa linatokea shati lisilo na mwenyewe. Alichoka. Akajifundisha fomula kwa kuharibu na kurudia, kuharibu na kurudia, mpaka siku moja kadi ikajijaza yenyewe mbele ya macho yake, akapiga ukelele peke yake mle chumbani. Mkasi akaja mbio na rula mkononi akidhani ni nyoka.

Kazi ya faili ni nyepesi ukielezwa. Ukurasa wa kwanza una vipimo, mstari mmoja mtu mmoja: namba yake, jina, kifua, kiuno, urefu wa suruali, urefu wa mkono. Ukurasa wa pili ni kadi ya kukatia. Unaandika namba ya mtu, kadi inajijaza, unaprinti, Mkasi anakata. Anayejaza kadi ni fomula iitwayo VLOOKUP, ambayo karakana nzima inaiita Viluku kana kwamba ni mfanyakazi mwenzao. Viluku ameambiwa hivi: chukua namba hii, nenda ukurasa wa kwanza, shuka mpaka uikute, kisha hesabu safu kwenda kulia, ukifika ya tano, niletee ulichokikuta. Viluku ni mtiifu kupita kiasi. Haulizi. Akiambiwa ya tano ni ya tano, hata ukimwekea pale idadi ya kuku wako.

Sasa mpe mtiifu kama huyo watu kama wale!

Alikuwepo Tepu, mpimaji, aliyeitwa hivyo kwa sababu tepu haimtoki shingoni hata akienda msalani. Tepu ndiye anayepima watu na kuingiza vipimo kwenye ukurasa wa kwanza. Ana roho nzuri, na hiyo roho nzuri ndiyo inayoua. Kuna wakati kadi zilikuwa zinagoma moja baada ya nyingine, kila namba Viluku anasema haipo, na mtu unamwona pale pale kwenye mstari wake. Mama Fomula alihangaika nusu ya siku, macho yakamtoka, mpaka akagundua kwamba kila namba Tepu ameifuatishia nafasi tupu mwishoni. Wewe huioni. Viluku anaiona, na kwake W17 na W17 yenye mkia ni watu wawili.

"Kwa nini unaweka nafasi, Tepu?"

"Niliona zimebanana, dada. Nikaziachia zipumue."

"Zipumue! Namba ina mapafu?"

"Nionyeshe basi ninavyotakiwa kufanya."

"Nipishe."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Nipishe. Anakusogeza kwa nyonga, anadaka mausi, anabonyeza hapa, anavuta pale, kwisha. "Umeona?" Na Tepu anajibu ameona, wakati alichokiona ni kisogo cha Mama Fomula. Mkasi naye alipounganisha visanduku vitatu kuwa kimoja na kukipaka rangi ya kijani ili kadi ipendeze, jibu lilikuwa hilo hilo. Madam mwenyewe aliwahi kuambiwa nipishe, tena mbele ya wateja.

Ajabu ni kwamba hakulelewa hivyo. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na mtindo wake wa kufundisha. Akishampa mwanawe kitambaa na sindano, yeye anakaa mkekani na kuikalia mikono yake, yote miwili, chini ya mapaja. "Nikiiacha nje itakunyang'anya," alikuwa anasema. Basi mtoto anapiga pindo linapinda huku na huku, mama anatazama, anapumua kwa nguvu, anatikisa mguu, anauma mdomo, lakini mikono iko chini. Mama Fomula hakuwa fundi, hata hivyo pindo anajua kulipiga mpaka leo.

Siku ya kuondoka alikuwa na begi begani tayari, Tepu akamsimamisha mlangoni.

"Dada, nilitaka kukuuliza kitu kuhusu lile faili. Mkasi anasema suruali za walinzi zinabana wakikaa, anataka tuwe tunapima na ny..."

"Usiguse!"

"Hata sijamaliza."

"Tepu, nakuomba kwa jina la Mungu. Usiguse kitu. Tutaongea nikirudi." Akachukua karatasi, akaandika MSIGUSE kwa herufi kubwa, akaibandika juu ya kioo cha kompyuta na kuipiga ngumi ishike vizuri.

Upasuaji wa jicho la kwanza ulikwenda salama. Asubuhi yake Mama Fomula alikuwa amekaa kwenye benchi la hospitali, kwenye varanda ndefu inayonuka dawa ya kusafishia sakafu, pamoja na wagonjwa wengine na watu wao. Muuguzi alipita akasema wataita mmoja mmoja, na mgonjwa anaingia na mtu wake mmoja. Mama alikuwa kando yake, bandeji jichoni, ametulia tuli, kitambaa cha kichwani kimefungwa upya kwa ajili ya siku hiyo.

Simu ikalia.

"Usipokee," mama alisema.

"Ni Mkasi. Nimwambie tu niko wapi." Akasimama, akasogea hatua kadhaa. "Unasemaje?"

"Shemeji, hivi hawa walinzi ni watu wa namna gani?" Mkasi alisema. "Kadi hii inasema urefu wa mkono inchi arobaini na mbili. Huyu akisimama kwenye geti lake si anafungua na la jirani?"

"Kadi gani hiyo?"

"Zote. Nimemaliza suruali, nimeanza mashati, ndio nashangaa mikono inaburuza chini."

"Suruali umeshakata?"

"Rundo zima, shemeji. Hizo hazikuwa na shida."

"Hebu nisomee ya W17."

"Kiuno thelathini na moja, urefu thelathini na sita."

W17 alimkumbuka vizuri. Ni yule mwembamba mrefu aliyeinama kupita mlangoni siku ya kupimwa, watu wote wakacheka. Suruali ya thelathini na sita itamwishia ugokoni kama anavuka mto! Mama Fomula alifumba macho, akauona ukurasa wa kwanza kichwani. Urefu umekuwa thelathini na sita. Mkono umekuwa arobaini na mbili, na arobaini na mbili ndio urefu wa suruali wa mtu mzima. Kila kitu kimesogea.

"Nani ameongeza safu?"

Mkasi akajikohoza. Feni ilisikika.

"Mkasi, nimeuliza nani ameongeza safu!"

"Ngoja nikupe Tepu."

Tepu alikuja kwenye simu na ile sauti yake ya upole. "Dada, mama anaendeleaje?"

"Tepu, umeongeza nini?"

"Nyonga tu."

"Umeiweka wapi?"

"Baada ya kiuno. Si ndivyo mwili ulivyo, dada? Kiuno, halafu nyonga, halafu mguu. Mungu mwenyewe kaupanga hivyo."

"Mungu hakutumia Viluku!"

Alipiga kelele hadi varanda nzima ikanyamaza, na waliofungwa macho wakageuza masikio. Alitamani kulia, alitamani kucheka, zaidi alitamani kumshika mtu shingo. Viluku ameambiwa safu ya tano. Safu ya tano sasa ni nyonga. Basi Viluku, mtumishi mwema, amekwenda akaleta nyonga na kuiandika kwenye urefu, mtu baada ya mtu, bila haya. Wanene wote wamekuwa warefu na wembamba wote wamekuwa mbilikimo, na Mkasi na miaka yake yote ya kukata amekata tu.

Kabla hajasema lingine Madam alikuwa ameshaipora simu. "Mama Fomula, rudi. Namtuma dereva sasa hivi, mchana uwe hapa."

"Madam, wako karibu kumfungua mama bandeji."

"Si watamfungua tu, uwepo usiwepo? Wewe si daktari. Nina walinzi wanasubiri nguo na nina vitambaa vilivyoharibiwa mezani. Rudi, utamwona mama yako kesho."

Mama Fomula aliangalia benchi. Mama yake alikuwa ametega sikio upande wake, mikono mapajani, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayejua kitakachosemwa. Tayari alikuwa anatikisa kichwa polepole, kama kumwambia nenda, mwanangu, nimezoea. Ni kule kuzoea ndiko kulikomuuma.

"Sirudi, Madam."

"Unasemaje?"

"Sirudi. Mwambie Tepu akae kwenye kiti changu, mumpe simu."

"Tepu? Tepu ndiye aliyeliharibu!"

"Ndiye atakayelitengeneza. Mpe simu."

Kiti kiliburuzwa. Tepu akasema amekaa, kwa sauti ya mtu aliyekalishwa kwenye kiti cha mahakama.

"Nenda ukurasa wa kadi," Mama Fomula alisema. "Bonyeza kwenye kisanduku cha urefu wa suruali. Umeona kitu gani juu, kwenye ule mstari mrefu mweupe?"

"Naona maandishi. Ngoja, nitafute miwani."

Ngoja nitafute miwani! Mama Fomula alisimama pale varandani, mkono wake wa kulia hewani unasukuma mausi ambayo haipo. Ile nipishe ilimpanda kooni. Lakini nani ampishe? Tepu wa kumsukuma kwa nyonga alikuwa safari ndefu kutoka pale. Akauteremsha mkono.

"Nimeona," Tepu alisema. "Kuna Viluku, kuna mabano, kuna herufi, kuna tano, kuna sifuri."

"Hiyo sifuri usiiguse, ndiyo inayomkataza asibahatishe. Hiyo tano ndiyo safu. Anahesabu kutoka kwenye namba ya mtu: namba ni ya kwanza, jina ya pili..."

"Subiri. Usiniambie." Tepu alianza kuhesabu kwa sauti, taratibu, kama anayepanda ngazi gizani. "Kifua ya tatu. Kiuno ya nne. Nyonga ya tano." Akapiga meza. "Ya tano ni nyonga! Ala! Mimi ndiye niliyemsogezea! Kwa hiyo anahesabu safu tu, hasomi kichwa cha safu?"

"Hasomi."

"Si ungeniambia, dada? Hiyo safu ningeiweka mwisho kabisa isimsumbue mtu. Kila nikikuuliza unaniambia nipishe."

Miaka yote Mama Fomula amemlaumu Tepu, amemlaumu mpaka kwa majirani, na leo alipotafuta siku moja tu aliyomwachia mausi hakuipata. Aibu ilimpanda kutoka miguuni.

"Ni kweli," alisema. "Nisamehe. Haya, fanya unavyoona."

"Nafuta tano, naandika sita. Enter, ile yenye mshale." Kitufe kikalia. "W17, arobaini na nne! Mkasi, njoo uone, mtu wako amerefuka! Na huku kwenye mkono, dada, ile sita si inatakiwa iwe..."

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi akasoma jina la mama yake, akaangalia benchi lote. "Mtu wake yuko wapi?"

"Malizia mwenyewe," Mama Fomula alisema.

"Nikikosea je?"

"Utarudia." Akakata simu. Akaizima kabisa, kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu ainunue, kana kwamba anazima mashine ya wodini.

Ndani, daktari alibandua bandeji polepole, akasafisha, akamwambia mama afumbue bila haraka. Mama akafumbua. Akapepesa. Akamwangalia daktari kidogo tu, kama kitu kilichomsimamia njiani, akageuza shingo mpaka alipomkuta mwanawe, akamtazama kuanzia nywele kushuka.

"Jamani," alisema. "Mbona umezeeka hivi?"

"Ni faili, mama," Mama Fomula alijibu, na hapo machozi yakamtoka, akacheka nayo, muuguzi akampa kipande cha pamba akidhani ni yeye mgonjwa.

Alasiri walikuwa nyumbani kwa mama, mlango wazi, mwanga umejaa chumba. Mama alikuwa hachoki kutazama: bakuli, ufa wa ukuta, kucha zake mwenyewe. Kisha akaona blauzi ya mwanawe.

"Kifungo kinaning'inia hicho. Umetembea hivyo mpaka hospitali?"

"Nitakishona nikirudi."

"Vua. Lete kile kikopo cha nyuzi."

Mama Fomula akavua, akajifunika kitambaa mabegani, akakaa kwenye kiti mkabala na mama yake, simu mezani kati yao, imewashwa sasa. Mama alinyoosha uzi kwa mate, akaiinua sindano kwenye mwanga, akalenga. Uzi ukapita pembeni. Akalenga tena. Ukapita pembeni tena.

"Lete nikuti..." Mkono wa Mama Fomula ulikuwa umeshafika nusu ya meza.

"Niache," mama alisema bila kumwangalia. "Nina jicho sasa."

Mkono ukabaki hewani. Mama Fomula aliuangalia kama wa mtu mwingine. Kisha akaurudisha, akauweka chini ya paja, na wa pili akauweka chini ya paja la pili, akaikalia yote miwili. Kiti kilikuwa cha mbao na kiliuma.

Simu ikalia. Jina la Tepu likawaka, simu ikatetemeka na kusogea mezani.

"Hupokei?" mama aliuliza.

Atakuwa amekwama kwenye mkono, Mama Fomula aliwaza. Au ameongeza nyonga kwenye kadi. Au amefuta kila kitu. Mikono ilimwasha huko chini, mguu wake ukaanza kutikisika wenyewe.

"Ataweza," alisema.

Simu ililia mpaka ikachoka, ikanyamaza. Mama akainua sindano tena kwenye mwanga, akafumba lile jicho lingine, akalenga, uzi ukapita pembeni. Mama Fomula akavuta pumzi, akauma mdomo, akaikalia mikono yake vizuri zaidi.